Honi ya Sumbila

Kona haipo tena. Nilivuka daraja la Athi nikitoka Kibwezi, nikapanda kuelekea Ikutha huku nikiitafuta kwa macho, na kumbe nilikuwa nimeshaipita. Waliojenga barabara ya lami waliinyoosha. Palipokuwa kona pamebaki kipande cha njia ya zamani kilichoota nyasi, na siku hiyo palikuwa na mbuzi wawili walioniangalia kama mtu aliyepotea. Nilisimamisha gari, nikazima injini, nikashuka nikasikiliza. Sijui nilitarajia kusikia nini, maana gari nililokuwa nikilingoja pale liliondoka Ikutha kabla sijaota ndevu.

Hapo ndipo udadisi uliponishika, rafiki yangu, na ukinishika mimi huwa hauniachii mapema. Lile gari lilikwenda wapi?

Lilikuwa Pijo 404, foro foro kama tulivyoiita, pikapu ya rangi ya maziwa, ingawa vumbi la kwetu halikuiruhusu kuonekana hivyo zaidi ya siku moja. Mwenyewe alikuwa jirani yetu mwenye duka, Mwislamu aliyezaliwa Kitui mjini na wazazi waliotoka pwani, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe na Kiswahili ambacho sisi watoto tulikisikiliza kama redio. Mara kwa mara alivuka Athi kwenda Kibwezi kuchukua sukari, chumvi na mafuta ya taa. Na huko Kibwezi ndiko mama yangu alikokuwa akifundisha. Alikuwa ameniacha kwa nyanya kwa sababu chumba alichopewa shuleni alikitumia pamoja na mwalimu mwenzake, hapakuwa na nafasi ya mtoto. Mwisho wa mwezi, akibahatika, alirudi nyumbani kwa Pijo hiyo, ameketi mbele karibu na dereva, na kikapu magotini.

Mwenye duka aliipenda gari yake, akataka iwe na jina. Alimwita fundi wa rangi wa pale sokoni, Mkamba mwenzetu, akamwambia aandike SUBIRA kwenye mlango wa nyuma. Sasa wajua sisi. Herufi b ikiwa peke yake hututia wasiwasi, lazima tuipe m ya kuisindikiza, na r ikipita mdomoni mwetu hutoka ikiwa l. Fundi aliandika yalivyosikia masikio yake. Jioni soko zima lilikuja kuona gari jipya la zamani, na nyuma yake, kwa herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, imeandikwa SUMBILA. Fundi alipoelezwa alitaka kufuta. Mwenye duka alicheka mpaka akavua kofia, akasema, “Iache. Hii ni subira ya Ukambani.”

Ikabaki Sumbila.

Kwa nyanya kulikuwa na kazi ya kutosha kumsahaulisha mtoto mama yake, na nadhani ndivyo alivyokusudia. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya, aliniamsha nifukuze ndege kwenye mtama, kisha nimpeleke punda mtoni. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu muda mwingi wa mwaka, ilibidi uchimbe shimo ungoje maji yajikusanye, uchote kwa kibuyu taratibu usiyachafue. Lakini kazi niliyoichukia ni kutwanga mahindi ya muthokoi. Si kwa uzito wa mchi. Niliichukia kwa sababu kinu kina kelele, na mwenye kelele hasikii mbali. Kwa hiyo nilitwanga mara moja, nikasimama, nikasikiliza. Nikatwanga tena, nikasimama. Maganda yalichukua asubuhi nzima kutoka, na susu, aliyekuwa akisuka kiondo kivulini mwa jiko, hakunigombeza kama walivyogombezwa wenzangu. Alisema tu, bila kuinua macho kwenye uzi wake, “Ukisikia, kimbia. Usiposikia, twanga.”

Nilichokuwa nikisikiliza ni honi. Sumbila ilipofika kwenye kona, kama mama yumo, honi ililia mara mbili, moja ndefu na moja fupi. Kama hayumo, gari lilipita kimya na injini yake tu. Siku ya honi niliangusha mchi popote ulipotaka kuangukia na kukimbia kupita zizi la mbuzi hadi barabarani. Siku ya kimya nilirudi kwenye kinu. Nilimpenda mwenye duka kwa ile honi kuliko nilivyowapenda wajomba zangu, na siku alizopita kimya nilimnunia, hata akiniita dukani anipe tende nilikataa, naye alibaki na tende mkononi bila kuelewa. Harufu ya muthokoi na mbaazi ikitokota, na mama akiwa amekaa kwenye kigoda cha susu na vumbi kwenye nyusi, hicho ndicho nilichokuwa nikikiita mwisho wa mwezi.

Miaka ikapita kama kawaida yake. Mama alihamishiwa Wote, akapata nyumba, akanichukua. Mwenye duka alifunga akarudi Kitui mjini. Susu alitutoka. Siku hizi mama anaishi nami nje kidogo ya Wote. Akili yake ni kali, lakini sikio la kushoto limeshafunga duka na la kulia linaaga. Niliporudi kutoka Ikutha nilikuwa na neno moja tu kichwani: nilitaka ile honi ilie tena tukiwa wote wawili, mapema, kabla sijaachwa niisikie peke yangu.

Nilianza kwa mtoto wa mwenye duka, ambaye sasa ni mzee kama mimi na anauza vitambaa Kitui mjini. Alinikaribisha kwa chai ya tangawizi. Aliniambia baba yake aliiuza ile gari kwa mhubiri mmoja wa Kwa Vonza, na baada ya hapo hakujua habari zake. Aliniuliza kama nakumbuka tende.

Kwa Vonza nilishinda asubuhi nzima. Niliuliza penye gereji, nikauliza penye maduka ya mbolea, nikauliza wazee waliokaa nje ya kinyozi. Mnaijua Pijo ya zamani iliyokuwa ikiitwa Subira? Hakuna aliyeijua. Mmoja alisema kulikuwa na mwanamke mwenye jina hilo lakini alihama. Nielewe hapa: kazi yangu maishani imekuwa kusahihisha Kiswahili cha vitabu vya shule. Nimezifuta m za Wakamba wenzangu kwa kalamu nyekundu hata sizihesabu tena, na mdomo wangu ulikuwa umeisahihisha gari bila kuniomba ruhusa.

Nilikata tamaa nikaingia hotelini kula. Mama aliyeniletea sahani aliniuliza kwa Kikamba mbona nina uso wa matanga, nami nikamjibu kwa Kikamba, nikilalamika kama mtu anavyolalamika nyumbani kwao, kwamba nimekuja mbali kutafuta gari na hakuna anayelijua. Na kwa kuwa nilikuwa kwenye lugha ya susu, jina lilitoka lilivyotaka lenyewe.

Mtu wa meza ya pili aligeuka na kijiko mdomoni. “Sumbila? Sumbila ya pasta? Si ungesema hivyo,” alisema. “Hiyo iko Malili, kwa mama pasta, huyo bibi ya marehemu. Kuku ndio wanalala ndani. Lakini harakisha mzee, nasikia watu wa vyuma chakavu wanakuja kuikata Jumamosi.”

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Sikumaliza hata chakula.

Malili nilielekezwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye ua uliozungushiwa miti ya miiba. Mjane wa mhubiri alikuwa mama mnene, mchangamfu, amefunga leso yenye maneno ya ibada. Alinipeleka nyuma, na hapo nikaiona. Haikuwa na magurudumu. Rangi ya maziwa ilikuwa imegeuka kutu na kinyesi cha kuku, na kwenye kiti cha mbele alikaa kuku mwekundu aliyenitazama kama abiria aliyelipa nauli. Nilizunguka nyuma. Herufi zilikuwa zimefifia, lakini ile m ilikuwepo, imenona kuliko zote. Nakwambia kweli, mimi niliyezifuta nyingi hivyo, niliigusa kwa kidole.

Mama yule alinitazama kwa mshangao. Aliuliza nataka vipuri ama ninataka gari lenyewe. Nilimwambia nataka honi, lakini honi bila gari haitanifaa. Nilimweleza kona, kinu, mwisho wa mwezi. Alinisikiliza huku akirushia kuku mtama, kisha akasema ameshakubaliana na watu wa vyuma, na Mkristo hasemi ndiyo kwa watu wawili. Halafu akasema, “Na hata nikiwanyima wale, hawa kuku wangu watalala wapi?”

Hapo niliona mlango umefunguka kidogo, nikaingia. Siku iliyofuata nilirudi na seremala, mbao na mabati, na tukajenga banda la kuku ambalo, bila kujisifu, lingeweza kukaliwa na mwalimu mwanafunzi. Mama alilikagua ndani nje, akaomba liongezwe dirisha, likaongezwa. Kisha akawapigia simu watu wa vyuma mwenyewe, akawaambia gari limepata jamaa zake. Kuku walihamia bila shida, isipokuwa yule mwekundu. Tulipomtoa alirudi, tukamtoa tena akarudi. Tulipoipakia Sumbila kwenye lori alikuwa bado chini ya kiti, na mjane akasema niende naye tu, huyo ni wa gari.

Fundi wa umeme wa Wote alihangaika na nyaya siku mbili. Injini ilikwisha zamani, hilo alinieleza mapema, lakini honi ni kitu kidogo, inataka betri na waya mzima tu. Nilimkataza kuijaribu. Sikutaka ilie mara ya kwanza na mama hayupo.

Nilimwita mama baada ya kifungua kinywa. Alitoka na fimbo yake, akaitazama Sumbila ikiwa juu ya mawe pale uani, akaenda moja kwa moja nyuma akasoma, akacheka kwa kifua. Nikamsaidia kupanda mbele, upande wake uleule. Mimi nikakaa kwenye usukani, nikamwambia, kwa sauti karibu na sikio la kulia, “Mwaitu, mama yangu, sikiliza. Nitapiga kama alivyokuwa akipiga mwenye duka.”

“Alivyokuwa akipiga nani?” mama aliuliza.

“Mwenye duka. Honi ya pale konani.”

Aliniangalia kama anavyoangalia mtoto aliyekosa hesabu rahisi. “Yule hakuwahi kupiga honi pale hata siku moja. Kona ile ilitaka mikono yake yote miwili. Ni mimi niliyekuwa nikipiga.” Akanyoosha mkono mbele ya kifua changu, akaweka vidole vyake vitano kwenye pete ya chuma ya honi iliyo ndani ya usukani, mahali pake, bila kutafuta. “Hivi.”

Maisha yangu yote nilikuwa nimempa mtu mwingine shukrani ile, na kinyongo cha zile siku za kimya pia.

“Tena sikuwahi kukuona vizuri ukikimbia,” mama alisema. “Nilikuwa nasikia tu wakisema unakuja. Vumbi lilikuwa mbele, wewe nilikuja kukuona umeshafika mlangoni mwa gari.” Akaniangalia magoti, ambayo anajua yana ugonjwa. “Shuka. Nenda kule kwenye jiko.”

Kona imenyooshwa, kinu cha susu sijui kiliishia kwa nani, na watoto wa leo wakingoja mama zao huangalia simu. Sina ugomvi nao. Nilitembea hadi penye jiko, nikageuka. Kupitia kioo kilichopasuka nilimwona mama ameinama kuelekea usukani, na kuku mwekundu amesimama kwenye kiti changu.

Honi ililia, ndefu kisha fupi, na sikungoja iishe.