Shimizi Chini ya Lubugo

Nitasimulia habari za shangazi yangu Klaudia, na naomba mapema mtu asinikatize kuniambia kwamba hayo yalikuwa mila. Mila ya nani? Wahaya tuko wengi na vijiji vyetu ni vingi, lakini sijasikia mahali pengine walipompima mjane kichwa kama karani anavyopima kahawa. Ile ilikuwa sheria ya nyumba moja tu, nyumba ya Rutashobya wa Kaagya, na walioitunga walikuwa watu wenye meno na matumbo kama mimi na wewe.

Klaudia alikuwa dada wa baba yangu. Alizaliwa kwetu Kimwani, akaolewa mbali, huko Kaagya upande wa Bukoba, na mtu mpole aliyeitwa Projestus. Waliishi pamoja miaka michache, Mungu hakuwapa mtoto, na mwaka 1949 Projestus akashikwa na kichomi akafa. Wakamnyoa Klaudia kichwa chote. Hilo halikumshangaza. Wakamfunga kichwani utepe wa lubugo, lile gome la mti linalogongwa mpaka liwe nguo, ukazunguka kuanzia juu ya masikio hadi kisogoni. Hilo nalo akalikubali. Kisha Rutashobya, kaka mkubwa wa marehemu, akasimama mbele ya ukoo akasema mjane hataondoka kwenye kibanja, shamba lile la migomba la ukoo, mpaka nywele zake zisukike, msuko mmoja ushike bila kufumuka. Siku hiyo matanga yatakuwa yamekwisha, atafunguliwa lubugo, aende atakako.

Lilisikika kama jambo dogo. Nywele si zinaota zenyewe? Klaudia aliniambia baadaye kwamba alipowaza moyoni aliona msimu wa kula senene wa mwaka ule utamkuta Kimwani. Alikuwa na haraka. Mama yake, yaani bibi yangu, alikuwa anaumwa kifua na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Klaudia alikuwa kitindamimba wake. Hakutaka mume mwingine, wala kibanja cha mtu. Alitaka kwenda kumuuguza mama yake, basi.

Nywele zikaota vizuri mpaka zikafika urefu wa kiungo cha kidole, zikakomea hapo.

Kahawa zilipoiva, Rutashobya akamwita uani mbele ya watu. Mkewe, Celina, akajaribu kusuka. Alishika nywele mafungu matatu, akapitisha moja, akapitisha la pili, zikamtoka vidoleni. "Bado," akasema Celina. Rutashobya akatikisa kichwa kwa huzuni, huzuni ya mtu ambaye kesho yake bado ana mtu wa kumchumia kahawa, kumpalilia migomba, kumchotea maji na kumbebea mikungu ya ndizi bila kumlipa hata kwa neno la ahsante. Mwaka uliofuata ikawa vilevile. "Bado." Na nywele za Celina, mwanamke aliyekaa kivulini akimenya ndizi, zilikuwa zinaota kama nyasi za rweya, ile mbuga ya wazi, baada ya mvua.

Wakaanza kusema marehemu ndiye anayezishika. Projestus hataki kumwachia mkewe, walisema. Klaudia akaamini, na hapo ndipo damu yangu inapochemka kila nikikumbuka. Alikuwa akiamka asubuhi anamwomba radhi mtu aliyekufa. Alipaka samli. Alipaka mafuta ya nyonyo. Alisali rozari akiomba nywele, fikiria, mwanamke mzima anamsumbua Bikira Maria kwa ajili ya nywele. Alimweleza Padre, Padre akamwita Rutashobya akamwambia huo ni upagani. Rutashobya akaitikia "Ndiyo, Baba," akapiga magoti, akapokea baraka, akarudi nyumbani kumpima tena.

Katika mwaka wa pili alitoroka. Alitembea, akadandia lori lililokuwa likirudi Muleba, akatembea tena, akafika kwetu Kimwani jioni, miguu imevimba. Na hapa ndipo ninapomtaja baba yangu mzazi, Buberwa, wala sitalainisha maneno. Alimwona dada yake anaingia uani na lubugo kichwani, akaenda kusimama mlangoni, mkono huu kwenye mwimo huu na mkono huu kwenye ule.

"Umemaliza?" akamuuliza.

"Sijamaliza, kaka. Nimekuja kumwona mama."

"Na msiba huo kichwani unaniletea kifo ndani ya nyumba. Nina watoto humu."

Bibi alimsikia kutoka ndani. Akaita kwa sauti ile ya kifua kibovu, "Ni Klaudia huyo? Mwacheni aingie, waitu, jamani, mwacheni mwanangu aingie." Baba hakusogea. Mama yangu akampelekea shangazi chakula jikoni, shangazi akalala hukohuko kwenye majivu, na kulipokucha baba akamsindikiza barabarani mpaka alipopata lori la kumrudisha. Klaudia na mama yake walikuwa wametenganishwa na ukuta wa matete tu, na hawakuonana. Mimi nilikuwepo. Nilimsikia bibi akiita mpaka akachoka.

Rutashobya alipomwona amerudi hakumpiga. Alicheka tu, akasema, "Hata kwenu wanaijua sheria."

Basi Klaudia akaendelea kubeba. Siku moja alikuwa kisimani, amejaza debe lake, anataka kujitwisha, ngata ikamkatikia mkononi. Ngata yake ilikuwa ya majani makavu ya mgomba kama ya wanawake wote, na alikuwa ameitumia muda mrefu mpaka ikawa ngumu. Akaketi kuisokota upya. Alipoifumua akaona ndani yake kumejaa nywele. Si nywele ndefu, ni vipande, vifupi, vyeusi, vimejibana kwenye majani kama vile vilisukwa humo makusudi. Akajishika utosini. Akavuta kidogo. Kipande kingine kikamkatikia vidoleni.

Akafungua na lubugo palepale, jambo ambalo mjane hakuruhusiwa. Upande wa ndani ulikuwa umekauka kau. Samli yote aliyokuwa akipaka ilinyonywa na lile gome, na kuzunguka pembeni nako kumejaa vipande vya nywele.

Alikuwa na nywele zinazoota kila siku, kama za mtu yeyote. Utosini zilisagwa na mikungu ya Rutashobya, pembeni zikasagwa na msiba wa Rutashobya. Mkono wa marehemu haukuwemo kabisa. Projestus wa watu alikuwa amelala kwenye kaburi lake, hana habari.

Klaudia hakulia. Alikasirika. Aliniambia kwamba hasira ile ndiyo kitu cha kwanza kilichokuwa chake mwenyewe tangu alipofiwa, na kwamba aliibeba mpaka nyumbani ikiwa nyepesi kuliko lile debe.

Kuanzia siku ile hakujitwisha tena. Alikata mti akatengeneza mzega, akaning'iniza debe huku na debe huku, akaweka begani kama mwanamume. Kaagya nzima ilitoka kutazama. Mwanamke na mzega! Vijana wakamwita Bwana Klaudia. Wanawake wenzake kisimani wakasema amerukwa na akili, wengine wakasema anataka kujifanya mume wa nyumba. Mikungu ya ndizi aliibeba mgongoni kwa kamba, magunia ya kahawa akayaburuta. Rutashobya akafoka, "Unatutia aibu! Kichwa chako kina nini?"

"Kinauma, mulamu," akajibu. Shemeji yake huyo akageuka akaondoka. Kazi ilikuwa inafanyika.

Lubugo hakuweza kuuvua mchana, wangemwona. Alichukua shimizi yake ya harusi, laini, akakata kipande, akakichovya kwenye samli, akakiweka chini ya lubugo pande zote. Kila asubuhi alifunga shimizi kwanza, kisha msiba juu yake.

Nywele zikaanza kurefuka. Zilipita kiungo cha kwanza. Zilipita cha pili. Alistidia, jirani yake, mwanamke pekee ambaye hakumcheka kisimani, alimchania kwa mkono, polepole, kuanzia nchani, na siku moja akamsuka msuko nyuma ya sikio ukashika. Wakakumbatiana kwenye migomba, wakicheka huku wameziba midomo.

Klaudia hakusubiri kuitwa. Jumapili baada ya misa, ukoo ukiwa umekusanyika uani kunywa rubisi, pombe ya ndizi, na mkungu, yaani mkuu wa kijiji, yupo, alikwenda akapiga magoti mbele ya Rutashobya, akasalimia kwa heshima zote, akasema, "Mulamu, naomba nipimwe."

Rutashobya akatabasamu. Celina akafungua lubugo, shimizi ikaanguka chini, na nywele zikasimama. Celina akasuka msuko, ukashika. Akasuka wa pili bila kuambiwa, nao ukashika. Mkungu akasema, "Basi, zimefika."

Rutashobya aliokota kile kitambaa, akakinusa.

"Hii ni shimizi," akasema. "Mmeona? Ameweka shimizi kati ya kichwa na msiba. Miaka yote hii huyu hakumlilia ndugu yangu, alikuwa anatuchezea. Nywele hizi si za matanga. Leteni wembe, anaanza upya."

Anaanza upya! Na wembe ukaletwa kweli. Hakuna aliyekataa. Mkungu aliangalia kibuyu chake cha rubisi. Wanaume walioketi pale walikuwa na dada walioolewa kwa watu, na bado wakasogea kumpisha mwenye wembe. Ningekuwepo ningewatukana mmoja baada ya mwingine kwa majina yao.

Aliyenyanyuka ni Kokubanza, mama mzazi wa Rutashobya na wa marehemu. Alikuwa kikongwe, na yeye pia alivaa lubugo kichwani, siku zote, mpaka watu wakawa hawauoni tena. Walidhani ni mapenzi ya mama mzee kwa mumewe. Alikwenda akamnyang'anya mwanawe wembe, akaufungua lubugo wake kwa mkono mwingine, akauacha uanguke. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na fupi, urefu wa kiungo cha kidole.

"Nilifungwa huu wewe unatambaa," akamwambia, "na Projestus yuko tumboni. Nilikuwa na mama kwetu Kanyigo. Nilibeba ndizi za baba zako wadogo, nikaambiwa marehemu ananishika nywele. Nimemchukia baba yako kaburini maisha yangu yote kwa kosa ambalo hakulifanya."

"Mawe, mama yangu, kaa chini," akasema Rutashobya.

"Sikai." Akautupa wembe chooni, akarudi, akamgeukia Klaudia. "Nenda, mwanangu. Nenda sasa hivi kabla hawajamaliza pombe wakapata akili."

Klaudia akaondoka na nguo alizovaa. Alistidia alimpa khanga na ndizi za kuchoma za njiani. Hakuna aliyemzuia, maana kumzuia kungemlazimu mtu kumpita Kokubanza, aliyesimama njiani kichwa wazi.

Alifika kwetu Kimwani na misuko yake miwili. Sisi watoto tulimkimbilia, kisha tukasimama, kwa sababu tulijua asichokijua. Bibi alikuwa amekufa. Alikuwa amezikwa kitambo, na kwenye udongo ule migomba michanga ilikuwa imeshashika.

Klaudia akaketi kando ya kaburi. Hakupiga kelele. Alimuuliza baba yangu, "Kwa nini hukuniletea habari?"

"Ulikuwa kwenye matanga," baba akasema. "Ungekuwa na matanga mawili kwenye kichwa kimoja. Sasa umemaliza yale, ni vizuri. Umlilie mama kama inavyopasa."

Akaingia ndani akatoka na bakuli la maji na wembe. Nawaambia sikuota, niliona kwa macho yangu. Alichutama nyuma ya dada yake, akaweka mkono juu ya kichwa kile, juu ya ile misuko, akalowanisha.

Klaudia akaushika mkono wa baba akauondoa kichwani pake, taratibu, kama mtu anavyoondoa mdudu kwenye nguo ya mtoto.

"Ungenifungulia mlango siku ile, kaka," akasema, "leo ningekupa kichwa changu unyoe mpaka ngozi."

Baba akabaki amechutama, wembe mkononi, maji yanamdondokea magotini.

Shangazi alijenga nyumba yake ndogo nje ya kibanja chetu, ukingoni mwa rweya, akalima maharage na karanga akaishi. Alikufa mwaka jana, kichwa kimesukwa. Alipokuwa anaumwa baba alikwenda akabisha hodi, shangazi akamkaribisha, akamsamehe. Mimi ndiye niliyekuwa namuuguza, niliyasikia yote, na baba alipotoka sikumsindikiza.