Pale pa Kikapu

Harufu ya chai ikikaushwa kiwandani ndiyo iliyotuamsha watoto wa kambi ya wachumaji, tamu na nzito, ikatufuata mpaka ndani ya blanketi. Muda si muda zilisikika aproni za plastiki zikifungwa nje, kwara kwara, na juu ya kelele hizo zote sauti ya mama yangu akijaribu wimbo. Mama alikuwa mchumaji wa chai, Mkisii aliyevuka kuja upande wa Sotik akiwa msichana tu, na kila mtu alimwita Mama Kwamboka kwa sababu yangu, jambo lililonipa majivuno yasiyo na kiasi. Alitunga nyimbo za kanisa. Hakujua noti hata moja. Alitunga akiwa na kikapu mgongoni, na kama wenzake shambani hawakuwa wameudaka wimbo kufikia saa nne, aliuacha hapo hapo na kuanza mwingine.

Haki, mimi sikuamini kwamba huyo ni mtunzi. Kwaya yetu ilifundishwa na Mwalimu Kirui, Mkipsigis mrefu mwenye suti moja na sikio kali ajabu, na kila Jumamosi kabla ya mazoezi alitusimulia maisha ya watunzi waliomo kwenye kitabu cha nyimbo: huyu alikuwa kipofu, yule alizika watoto wake, yule mwingine alitunga akiwa kitandani hawezi kuinuka. Majina yao yalikaa chini ya kila wimbo kwa herufi ndogo, pamoja na mwaka wa kufa. Nilivyoelewa mimi, sharti la kwanza la kuwa mtunzi lilikuwa kuwa marehemu, tena wa mbali. Mama alikuwa hai, na mwenye kelele.

Nikiwa darasa la tano, Mwalimu alikubali wimbo wa Mama uimbwe sikukuu ya mavuno, mbele ya askofu. Mama alifurahi mpaka akaunguza ugali. Furaha hiyo haikumaliza wiki.

"Mama Kwamboka, wimbo ni tamu, lakini inachechemea," Mwalimu alimwambia mazoezini. "Kila mwisho wa mstari kuna shimo. Wacha tuzibe."

"Hilo shimo ni langu, Mwalimu. Ukiziba, usiuimbe."

"Askofu atasema hatujui kuhesabu!"

"Basi asiimbiwe."

Nilitamani sana jina la mama yangu lisomwe kanisani kama majina ya wale wa kitabuni, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilimbembeleza akubali. Aliniangalia kwa huzuni mpaka nikaona aibu. Asubuhi alimtumia Mwalimu ujumbe: aje shambani, aombe kikapu.

Akaja, suruali imechomekwa ndani ya gambuti. Wanawake wakaanza wimbo, "Umande umenilowesha, Bwana, umenitangulia," na vidole vikaenda na sauti, chuma, chuma, chuma, mpaka mstari ulipoisha na viganja vikajaa. Hapo wote wakanyamaza kwa pamoja na kurusha majani juu ya bega, ndani ya kikapu. Mwalimu naye akarusha. Majani yake yakapita kikapu yakampata nyapara usoni. Wacha wee! Kuna mama aliyecheka mpaka akakaa chini katikati ya michai. Lakini raundi ya tatu Mwalimu alisimama ghafla, mikono imejaa. "Kumbe! Ni pale pa kikapu!" Tangu siku hiyo hakuna aliyelilinda shimo lile kumshinda yeye, na ole wako upumue kwa sauti wakati wa kurusha.

Jumapili ya mavuno jina la Mama lilisomwa. Tulipofika kwenye kimya cha kwanza, viti vizima vya wachumaji, bila kuambiwa na mtu, viliinua mikono na kurusha hewa mgongoni. Askofu aligeuka kuangalia kilichoanguka. Ubeti wa mwisho alikuwa anarusha na yeye, na Mama akacheka hadi kitambaa kikamtoka kichwani.

Siku hizi mashamba mengi yanavunwa kwa mashine, na mashine haiimbi. Mama anaishi nami Sotik mjini, magoti yamechoka, sauti bado. Mwezi uliopita kanisani walipiga wimbo wake kwa kinanda na ngoma, vizuri kweli, na maneno yakatokea ukutani kwa herufi kubwa. Chini yake: Mtunzi hajulikani. Ibada ilipoisha nilimwendea binti wa kompyuta nikamwambia yote, mengine kwa ukali usio wa lazima.

"Pole sana, Auntie. Niandike nani?"

"Jina ni mambo ya Kwamboka," Mama akadakia nyuma yangu. "Mimi nataka yule wa ngoma aache kuniziba pale pa kikapu."

"Kikapu gani, Shosho?" binti akauliza, kama anayemuuliza bibi yake.

Mama akanipa fimbo yake. Akaimba mstari mmoja, vidole vikienda hewani, chuma, chuma, chuma, kisha akanyamaza na kurusha. Kule nyuma, mama mmoja mzee aliyekuwa akipanga viti aliachia kiti chake, akarusha pia. Kijana wa ngoma, aliyekuwa bado kwenye ngoma zake, aliwatazama wote wawili, kisha akaweka vijiti vyake chini.

"Shosho," akasema, "anza tena."