Kura Moja ya Msimbu

Nimehama miji mingi, lakini siku ile ya kura, enzi za mkoloni, bado nahama nayo. Kijijini kwetu Msimbu ni baba mkubwa peke yake aliyeruhusiwa kupiga kura ya Baraza la Kutunga Sheria, kwa kuwa alikuwa jumbe. Sisi wengine hatukuwa na cheo, kipato wala umri uliotakiwa. Miaka yote wasemaji wetu barazani waliteuliwa na Gavana; hii ilikuwa mara ya kwanza kuchaguliwa kwa kura, kwa hiyo asubuhi ile baba mkubwa alikwenda bomani Kisarawe kutusemea sote.

Jioni alimkuta mtani wake, karani Mnyamwezi, ameketi nasi kibarazani kwetu.

“Mzaramo, umewachagua wote watatu, au ulikwenda kula maandazi?”

“Watatu wa nini? Nimemtia alama Mwafrika wetu, basi. Mtu akienda kuposa hutuma mshenga mmoja. Ukiwatuma watatu, kila mmoja atajiposea.”

Tulicheka. Mtani hakucheka.

“Jumbe, sheria inataka Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukimwacha hata mmoja, karatasi imeharibika.”

“Hata yule wetu hahesabiwi?”

“Hata yeye.”

“Nikirudi kesho?”

“Kura zimekwisha, ndugu yangu.”

Baba mkubwa akavua kofia, akaipakata. Majirani walianza kuingia, wamevaa kanzu safi kama siku ya sikukuu.

“Shikamoo, jumbe. Umetusemea?”

“Marahaba,” alijibu, akawaonyesha mkeka wakae.