Aliyeonja Kwanza Pale Ngomo

Mambo haya yalinikuta mimi mwenyewe, hayakumkuta rafiki ya rafiki yangu. Ukitaka kucheka, cheka. Hata mimi ningecheka kama yangekuwa ya mtu mwingine.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, barabara ya Bukavu kwenda Uvira ikiwa bado inapitika bila mtu kuandika wasia kwanza. Binamu yangu Olivier alikuja kutoka Ubelgiji, alikokulia tangu ana miaka mitatu. Hakutaka hoteli. Alitaka tuzunguke kwa gari, tuone misheni ya zamani ya Nyangezi, tupande milima ya Ngomo, tushuke hadi Uvira, na njiani tulale kwenye hema. Hema! Sisi huku mahema tumeyajua wakati wa kukimbia vita, yeye amelinunua kwa starehe. Nilimtania mpaka akanuna, lakini nilikwenda, maana nampenda.

Garini aliniuliza mambo ya desturi bila kupumzika. Nilimjibu huku macho yangu yako kwenye korongo, maana barabara ya Ngomo haitaki dereva mwenye maneno mengi. Nikamwambia, "Huku Bushi, kinywaji kinaonjwa kwanza." Basi, nikaishia hapo. Sikumwambia anayeonja ni nani. Niamini, nusu sentensi ile ndiyo imeniharibia maisha.

Kwa wewe usiye wa kwetu: Bukavu tunaogopa sumu, hilo si siri. Kwa hiyo mwenye pombe huionja mbele yako, umwone anameza, ndipo akupe. Anayeonja ndiye mwenyeji, anayepokea ndiye mgeni wake. Hata mtoto mdogo analijua hilo.

Kama saa kumi na moja jioni tulikuwa tumesimamisha hema mahali tambarare, juu ya kona moja. Ukungu ukashuka. Ndani yake akatokea mzee mwenye koti la mvua la manjano, linachuruzika maji, na siku hiyo mvua haikunyesha kabisa. Je, nilishtuka? Sikushtuka, na mpaka leo najishangaa. Mkononi alikuwa na kibidoni, kidumu kidogo cha plastiki, chenye kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi.

"Muko batu ngapi?" akauliza.

"Tuko batu mbili, papa. Tunatoka Bukavu."

"Na mutalala bila kunywa? Na hii baridi? Aa-a!"

Akamimina kwenye kikombe, akamnyooshea Olivier bila kuonja. Nililiona hilo. Lakini kabla sijafungua mdomo, binamu yangu, kwa furaha ya kuonyesha kwamba anajua mila za baba yake, akaonja yeye, akamrudishia mzee kikombe kwa mikono miwili. Nami nikafanya nini? Nikacheka. Niliona ni kosa la mtoto wa Ulaya, la kwenda kuhadithia nyumbani.

Mzee hakucheka. Alikunywa chote, polepole, huku machozi yanamtoka.

"Koko bwenene," akasema, yaani asante sana kwa Mashi, lugha ya huku Bushi. "Miaka mingi hakuna mutu alinipokea. Sasa niko na kwangu."

Ukungu ukawa mzito, nikawa simwoni hata Olivier. Ulipopungua, mzee hakuwepo, wala kibidoni chake. Tulibishana kama alipanda au alishuka. Halafu Olivier akaniambia kwamba yeye aliona kijana. Kijana! Mimi nilimwona mzee mwenye mvi. Nani kati yetu alikuwa na macho?

Kesho yake tulisimama Luberizi kula wali. Mama mwenye mgahawa akaleta sahani tatu.

"Maman, tuko batu mbili tu," nikamwambia.

"Na ule muzee wa koti ya manjano? Si mumeingia naye? Amenisalimia muzuri!"

Tukageuka. Hapakuwa na mtu, ila kiti cha tatu kilikuwa kimelowa. Uvira hatukufaidi ziwa wala majumba ya zamani. Hotelini tulipewa taulo tatu.

Tuliporudi Bukavu, kwangu mtaa wa Nguba, Olivier akakosa usingizi kabisa.

"Yaya, anakaa tu pale, anangoja," akaniambia; kwetu yaya ni ndugu mkubwa. "Haseme kitu. Iko kama mugeni mwenye njaa mwenye kuogopa kuomba."

Alianza kumwekea chakula. Asipomwekea, hafumbi macho. Baadaye chakula kilikuwa palepale, hakijaguswa, lakini nikikionja hakina ladha yoyote, hata ya chumvi. Tukamwita padri. Alituombea vizuri, kisha akanyunyiza maji ya baraka mara tatu: kwangu, kwa Olivier, na kwenye kiti kilichokuwa wazi.

Siku mbili kabla ya ndege, Olivier alilia mbele yangu. "Bibi yangu kule Ubelgiji iko na mimba ya miezi nane. Namupelekea nani mu nyumba, yaya?"

Nilikuwa na aibu tu, maana mimi nilijua na nikacheka. Mchana ule nikanunua kasiksi, nikamweka Olivier sebuleni.

"Mimina, unipe," nikamwambia. "Usionje."

Hakuelewa, lakini alinipa. Nikaonja mimi. Nikakiweka kikombe mbele ya kiti kitupu, nikasema, "Karibu kwangu, muzee. Huyu umuache."

Hakuna kilichotokea. Kikombe hakikusogea. Lakini Olivier alilala palepale kwenye kochi hadi asubuhi, na alipoamka aliomba mayai, akala, akanicheka kwa sura yangu. Nilifurahi mpaka nikalia.

Mtoto wao alizaliwa salama. Siku hizi Olivier anasema ilikuwa malaria. Labda ni kweli. Mchumba wangu aliniacha, akasema hawezi kuishi kwenye nyumba iliyojaa, na mimi nakaa peke yangu. Sijui ni mtu, ni pepo, au ni kichwa changu. Najua tu kwamba chumvi siisikii tena ulimini, na kwamba mtu anangoja, ananitazama nikila.

Kwa hiyo nakuonya. Milimani ukipewa kinywaji, subiri mwenye nacho aonje. Na ukifika kwangu, nitakupokea vizuri, lakini tazama mdomo wangu. Nikikupa kikombe bila kuonja, toka mbio, hata kama nakuita. Nimechoka, na mtu aliyechoka si wa kuaminiwa. Mwezi uliopita nilimpa jirani yangu kikombe hivyo hivyo, na alikuwa ameshakifikisha mdomoni nilipompiga mkono kikamwagika. Mara ijayo sijui kama nitawahi.