Kichwa Kilichoinama Mlangoni

Leo Naserian wa kidato cha kwanza ameigiza lafudhi yangu ya Burundi, darasa zima likaangua kicheko.

Nikamtoa nje.

(Nimezeekea hapa Arusha, lakini nikifungua mdomo bado ni mgeni.)

Kengele ilipolia nilimkuta mlangoni. Nikatarajia shikamoo ya shingo upande.

Badala yake aliinamisha kichwa, akangoja.

Nikaduwaa. Kwa Waarusha, kabila lake, mtoto humwinamia hivyo babu yake ili amguse utosini. Sisi walimu hupewa shikamoo tu.

Rafiki yake akapaza sauti: “Mwalimu, mguse basi, shingo itamuuma!”

Nikamwekea mkono utosini.

“Umenisamehe, babu?”

Jamani, ninyi mngemjibuje?

Mimi nimemwambia akitaka kuniigiza tena, aje kwanza nimfundishe vizuri.