Kiti cha Bibi Katika Helikopta

Harufu ya senene, wale panzi wa msimu, wanaokaangwa kwa kitunguu na chumvi hunirudisha jikoni kwetu Hamugembe, mwaka nilipokuwa darasa la sita. Msimu huo Bibi alikuja kutoka kijijini kwake Rubya kwa basi, kama kila mwaka, akashuka akiyalalamikia magoti yake. Binamu yangu Mugisha, mwanafunzi wa chuo huko Mwanza, naye alikuwa likizoni, na alikuja na kompyuta mpakato yenye mchezo wa kujenga kwa matofali. Haukuwa mchezo wa kitoto: kila tofali lilikuwa na uzito wake, na injini isiyotosha haikunyanyua kitu. Nikamwahidi Bibi kwamba humo mchezoni nitaunda helikopta, nimtoe Rubya hadi Hamugembe bila basi. Akaniamini, nami nikaingiwa na hofu, kwa sababu Mugisha na kompyuta yake walikuwa wanaondoka Jumamosi.

Asubuhi tulinyonyoa senene, mabawa, miguu na mikia, ungo baada ya ungo. Mchana nilijenga. Nilijenga Rubya yenye migomba na mibuni, Hamugembe yenye paa letu la bati, na helikopta yenye kiti kipana cha abiria. Ijumaa nikawasha injini; pangaboi kubwa likazunguka, lakini chombo hakikuondoka chini. Kilikuwa kizito. Basi nikaanza kupunguza. Nikang'oa milango, nikang'oa taa, mwishowe nikang'oa na kile kipangaboi kidogo cha mkiani, nikidhani ni urembo tu. Mazoea yana taabu. Helikopta ikapaa, ikaanza kujizungusha kama mlevi wa rubisi, ikaangukia migomba kichwa chini miguu juu.

Mugisha alicheka hadi akakalia ungo. "Kemi, umeinyonyoa kama senene," alisema. "Huo mkia ndio unaoizuia isizunguke. Urudishe, halafu uondoe kiti."

Mkia niliurudisha, lakini kiti nilikataa kukiondoa, na nusura nilie. Bila kiti, ahadi yangu ilikuwa bure. Nikapunguza tangi la mafuta badala yake, yakabaki ya kwenda tu.

Jumamosi, begi la Mugisha likiwa mlangoni, nilimwita Bibi. Akanawa mikono, akakaza kitenge chake kiunoni, akaketi kando yangu. Nikamweleza kwamba mafuta ya kurudi hayapo.

"Kwani nani amekwambia nataka kurudi, mwana wange?"

Tulipaa juu ya migomba ya Rubya. Alishika ukingo wa meza mpaka tulipotua mbele ya mlango wetu, kisha akauliza mbona hatukupitia juu ya ziwa. Nilifurahi kupita kiasi.

Leo naishi Ijuganyondo na nina kompyuta yangu. Mchezo wenyewe sasa una helikopta zilizokwishaundwa na wengine, zenye milango, taa na mafuta ya kwenda na kurudi. Huzirusha nikitoka kazini, na zinaruka vizuri kuliko ile yangu. Bibi hayupo tena, nami namkumbuka sana. Katika zote hizo, hakuna aliyekaza kitenge kabla ya kupanda.