Picha Zilizotundikwa Kitale

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, katika shule ya misheni karibu na Chwele, mwalimu wetu alipotugawia karatasi nyeupe zisizo na mistari akatuambia tuchore maisha ya nyumbani kwetu. Alisema picha zingine zingepelekwa Kitale, zitundikwe pamoja na za watoto wa nchi nyingi. Hatukumwamini sana. Mimi nilimchora mama akipepeta wimbi, mtoto mgongoni. Rangi sikuwa nazo, nikatumia mkaa, udongo mwekundu na maji ya majani ya maharagwe.

Miezi kadhaa baadaye mwalimu alifika kwetu kumweleza baba kwamba picha yangu imechaguliwa. Baba alisema huu ni wakati wa palizi, si wa kutembea. Mama hakubishana naye. Alipalilia sehemu yake kwa siku mbili, akaazima viatu vya shangazi, na Jumamosi tukapanda lori pamoja na mwalimu, tukapitia Kiminini hadi Kitale.

Picha zilitundikwa katika ukumbi wa Wazungu, ambao watu wetu waliuingia kufagia tu. Siku hiyo mlango uliachwa wazi. Ndani, kuta zote zilijaa picha. Mwalimu alitusomea majina ya nchi kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani: Uhindi, Misri, Japani, Uholanzi. Niliona harusi yenye tembo, samaki wakubwa kuliko mashua, na mji wenye nyumba zilizopandana hadi mawinguni. Sikuwahi kufikiri kwamba duniani kuna watoto wengi hivyo, na kwamba kila mmoja ana mlango wa kwao anaoutazama kila asubuhi.

Picha moja ilikuwa karibu nyeupe tupu. Nilidhani mwenzangu huyo naye alikosa rangi. Mwalimu akatueleza kwamba ile ni theluji, kama mvua ya mawe isiyoyeyuka, na kwamba hufunika mashamba kwa miezi. Mama akamwuliza ng'ombe wa huko hula nini. Mwalimu akakiri kwamba hajui.

Yangu tuliikuta karibu na dirisha. Mama hakuwa amewahi kupigwa picha maishani mwake. Alisimama mbele ya mchoro wangu muda mrefu, viatu vikimbana, watu wakimpita nyuma. Nilianza kuogopa kwamba nimemkosea.

“Huyu ni mimi,” alisema hatimaye. Kisha, bila kunigeukia: “Kumbe huwa unaniangalia hivi.”

Nilimshika kanga.

Picha ile haikurudi. Iliendelea na safari pamoja na nyingine, sijui iliishia wapi. Lakini kabla hatujaondoka, mama alimwomba mwalimu amwandikie yule mtoto wa theluji swali lake. Mwalimu aliandika kwa Kiingereza, na wasimamizi wa maonyesho wakakubali kuipeleka barua.

Jibu lilitufikia kupitia posta ya Bungoma mwaka uliofuata, pamoja na mchoro wa kalamu. Katika tafsiri aliyotuandikia mwalimu, mtoto alisema kwamba ng'ombe wao hulala ndani ya nyumba kubwa ya mbao msimu wote wa baridi, na kwamba yeye na nyanya yake huwapa nyasi zilizokaushwa. Mama aliushika ule mchoro kwa mikono miwili. Alitaka nimsomee barua tena, polepole, sehemu ya nyasi.

“Wanazikata lini?” akauliza.

Tukaketi, tukaanza kuandika.